Apasuliwe tena? Matembezi na Mwalimu kutoka Umoja hadi Kaloleni

Asubuhi ya Jumamosi mtaa wa Umoja huamka kwa harufu. Kabla hujafika barabara kuu utakuwa umepita mandazi yakielea kwenye karai, chapati zikipakwa mafuta, mayai ya kuchemsha yakingoja kachumbari, na zile soseji nyekundu ambazo vijana huziita smoki zikipasuliwa ubavu. Mtu mwenye afya hupita hapo akimeza mate. Mwenzangu wa Jumamosi hiyo, mwezi wa Agosti 2025, alikuwa ameziba pua kwa ncha ya leso.

Nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndivyo mtaa mzima unavyomwita na kwa kuwa hakutaka jina lake litajwe gazetini. Ni mtoto wa shangazi yangu, na kwa umri ni dada yangu mkubwa. Anafunza shule ya msingi huku huku Eastlands. Alikuwa ameniomba nimsindikize hadi Kaloleni, nyumbani kwa mama yake, ambako kikao cha jamaa kilikuwa kimeitwa saa nane mchana. Ajenda ilikuwa moja: je, Mwalimu apasuliwe tumbo mara ya pili au asipasuliwe?

Shida ni kwamba wengi wa walioitwa hawakuujua ukweli kuhusu ile mara ya kwanza. Mimi niliujua. Nilikuwa nimeuficha miaka minne.

Daktari alimshauri atembee kila siku, polepole, kadiri atakavyoweza. Basi tukakubaliana tutembee hadi miguu ikatae, kisha tupande matatu. Tukaanza kwa daraja la miguu linalovuka barabara ya Outering. Barabara hiyo ilipopanuliwa miaka michache iliyopita, wapitaji walijengewa madaraja ya juu ili wasigongwe na magari. Mwalimu alipumzika mara tatu kwenye ngazi. Kijana mmoja aliyebeba kreti ya mayai begani alimpita mara mbili, akienda na akirudi.

"Mwaka wa 2021 ngazi hizi zilinishinda kwa sababu ya unene," akaniambia. "Leo zinanishinda kwa sababu ya wembamba."

Mwaka huo wa 2021 Mwalimu alikuwa na uzani wa kilo 124, naye kimo chake ni mita 1.63. Madaktari huchukua kilo, wakazigawanya kwa kimo kilichozidishwa kwa chenyewe. Hesabu yake ilitoa karibu 47. Kipimo kilichowekwa Marekani mwaka wa 1991, na kufuatwa kwingi duniani kwa miaka mingi, kilisema upasuaji wa kupunguza unene ni wa mtu aliyefika 40, au 35 ikiwa ana maradhi kama kisukari. Mwaka wa 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo viliteremsha viwango hivyo. Kwa kipimo chochote kile, cha zamani au kipya, Mwalimu alistahili. Alikuwa na sukari na shinikizo la damu, na magoti yake yalikuwa yamechoka kabisa. Nasema haya kwa sababu wako watakaosoma na kudhani alifuata urembo.

Alichofanyiwa ni kukatwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kiasi cha robo tatu au zaidi, ukabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Kinachokatwa hutupwa. Mtu hushiba kwa vijiko vichache, na hata njaa yenyewe hupungua kwa muda, kwani sehemu inayoondolewa ndiyo hutoa kwa wingi kemikali inayoamsha hamu ya kula. Wagonjwa wengi duniani wamefanyiwa hivyo na wanaendelea vyema. Mwalimu naye aliendelea vyema mwaka mzima. Sukari ilishuka, akapunguziwa dawa, akafika kilo 79.

Pesa zilitoka kwenye mkopo wa chama cha ushirika. Bima ya kazini ilikuwa imekataa, ikisema matibabu ya unene hayamo katika mkataba. Mama yake aliambiwa kwamba binti yake anaondolewa uvimbe katika mfuko wa uzazi. Mimi ndimi niliyepiga simu hiyo.

Ng'ambo ya daraja tuliingia Mutindwa. Asiyelijua soko hili amekosa nusu ya Eastlands. Humo utapata viatu vya mitumba, masufuria, nyanya zilizopangwa vifungu, omena, vitenge na simu za kale. Mama mmoja anayemuuzia Mwalimu mboga tangu zamani aliweka kisu chini, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mwalimu, umekonda hivi, ni sukari ama ni mawazo?"

"Ni mawazo, mama," akajibu, akanunua ndizi mbivu mbili na malenge kipande.

Tulipotoka hapo aliniambia kwamba huyo ana adabu. Wengine hawaulizi, hunong'ona tu. Msomaji wa umri wangu anakumbuka jinsi miaka ya 1990 mtu aliyekonda ghafla mtaani alivyohukumiwa kabla ya kupimwa. Kumbukumbu hiyo haijafutika. Unene, kwa upande mwingine, ulikuwa dalili kwamba bwana analeta mshahara nyumbani. Ndiyo maana wengi wetu hatukuushtukia ulipogeuka kuwa maradhi. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2008 na 2009 ulikuta kwamba robo ya wanawake wa Kenya walikuwa na uzani uliozidi. Ule wa 2014 ulikuta ni theluthi, na wanawake wa mijini walikuwa mbele ya wenzao wa mashambani. Tembea Eastlands saa moja jioni uone sababu: chipsi ziko kila kona, za bei nafuu kuliko matunda, na mtu anayeshuka matatu baada ya saa mbili za msongamano hana nguvu za kuwasha jiko.

Tulishika barabara ya Mumias South hadi tukaingia Buruburu. Nyumba za Buruburu zilijengwa kwa awamu tano, kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa ile ya 1980, kwa ajili ya makarani, walimu na wafanyakazi wa serikali walioanza kujiweza. Vigae vyake vyekundu bado vinaonekana hapa na pale kati ya ghorofa zilizochipuka juu ya bustani za zamani. Mwalimu alikulia Kaloleni akiota kuhamia hapa. Tulikaa kwenye ukuta mfupi chini ya mti, naye akatoa chupa ndogo ya uji mwepesi. Alikunywa kijiko kimoja, akangoja. Cha pili, akangoja. Mbele yetu kulikuwa na klabu inayochoma mbuzi, na moshi ulikuwa ukitujia usoni.

Hapo ndipo aliponieleza vizuri kilichoharibika. Mwishoni mwa 2022 alianza kuungulia usiku, tindikali ikipanda hadi kooni. Alipewa vidonge. Mwaka uliofuata chakula kigumu kikaanza kukwama, kisha hata chakula laini. Aliingizwa mpira wenye kamera, na daktari akaona kwamba ile ndizi ya tumbo imejikunja na kubana katikati. Wakapitisha puto dogo, wakalipuliza kupanua mahali pale. Alipata nafuu ya miezi miwili. Mara ya pili nafuu ilidumu wiki tano. Kilo zikateremka hadi 56, nywele zikakatika, na mwezi wa Mei 2025 nyayo zikaanza kufa ganzi.

Ganzi hiyo ndiyo iliyomtisha daktari kuliko kilo. Mtu anayetapika wiki baada ya wiki huishiwa na vitamini B1, ambayo mwili hauwezi kuiweka akiba kwa muda mrefu. Ikikosekana, neva za miguu huathirika, na hata ubongo. Alichomwa sindano za vitamini hiyo mara moja na ganzi ikapungua. Ikiwa uko na ndugu aliyefanyiwa upasuaji wa aina hii na anatapika kila siku, usimpe maji ya tangawizi na kungoja Jumatatu. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo, na mwambie daktari ni upasuaji gani aliofanyiwa.

Sasa ameshauriwa na madaktari wawili. Wa kwanza amesema apasuliwe, chakula kichepushwe. Yaani sehemu ya juu ya tumbo itengwe iwe kifuko kidogo kama yai, kisha utumbo mwembamba uletwe uunganishwe hapo, chakula kipite bila kufika palipobana. Ni upasuaji wa zamani kuliko ule wa kwanza. Daktari Edward Mason wa Iowa, Marekani, ndiye aliyeuanzisha katika miaka ya 1960, ingawa umebadilishwa sana tangu hapo. Kiungulia chake pia kingetulia.

Wa pili hakupinga. Alisema tu kwamba tumbo lililokwisha kupasuliwa lina makovu, na kwa hiyo upasuaji wa kulirekebisha una hatari zaidi kuliko ule wa kwanza: mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kutoka au kuganda kwenye mishipa, vijidudu vinaweza kuingia. Baadaye huweza kutokea vidonda pale palipounganishwa, au utumbo ukajisokota ndani. Atakunywa vitamini na madini ya chuma maisha yake yote, na dawa za kawaida za maumivu kama ibuprofeni itabidi aziage. Isitoshe, mtu aliyedhoofika kama yeye mshono haufungi upesi. Ushauri wake ulikuwa alishwe kwanza, hata kwa mpira ikibidi, damu ipimwe, puto lijaribiwe mara ya tatu, ndipo azungumzie kisu.

"Nilidhani daktari wa pili ataniambia yule wa kwanza ni mwongo," Mwalimu akasema. "Nikakuta wote wawili wana haki. Hilo ndilo gumu."

Nilimuuliza kuhusu zile sindano za kupunguza unene ambazo siku hizi zinatajwa hadi kwenye saluni. Akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Kwake tatizo si unene tena, ni bomba lililoziba. Lakini alikiri kwamba kama zingekuwa zikijulikana hivyo mwaka wa 2021, huenda angezijaribu kwanza. Aliinuka akafunga chupa. Alikuwa amemaliza vijiko saba.

Kutoka Buruburu tuliteremka Rabai Road kuelekea Jericho. Mitaa ya huku ni ya serikali ya jiji. Mingine ina jina la Ofafa, kwa kumbukumbu ya diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka wa 1953. Upande wa Camp Toyoyo tulisikia filimbi ya refa na kelele za vijana, kwani uwanja huo haulali Jumamosi. Sokoni Jericho Mwalimu alikuwa na fundi wake wa nguo, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Fundi huyo amezipunguza rinda zake mara tatu tangu 2021. Rinda la samawati ambalo Mwalimu huvaa siku ya wazazi limetoa vitambaa vya kutosha kushona blauzi, na kweli mzee alikuwa ameishona akamwekea.

"Hii nipunguze tena?" fundi akauliza, akilishika rinda la nne.

Mwalimu alisita. Ilikuwa ni swali la nguo tu, lakini alinitazama mimi kana kwamba nitajibu. Hatimaye akamwambia aliache mpaka Septemba.

Miguu ilikataa hapo. Tulitoka hadi Jogoo Road, tukapanda matatu yenye picha za wanamuziki na muziki wa kutingisha vioo. Makanga alimwona Mwalimu jinsi alivyo, akamwinua kijana mmoja kiti cha mbele. Tulipita Makadara, Maringo na Bahati kwa mwendo wa kobe, magari yakiwa yamejazana hata Jumamosi. Wachuuzi walipitisha karanga na maji madirishani. Tulishuka karibu na City Stadium, uwanja ambao sasa umepewa jina la Joe Kadenge, yule mchezaji maarufu wa soka aliyefariki mwaka wa 2019.

Ng'ambo ni soko la Burma. Wazee husema jina hilo lililetwa na askari wa Kiafrika waliotoka vitani Burma. Nyama huning'inia humo kwa safu, na wapishi wa hoteli huja kununua alfajiri. Marehemu baba yake Mwalimu alikuwa akinunua matumbo hapa kila mwisho wa mwezi. Mama akiyapika, watoto wa majirani walikuwa wakihesabiwa pamoja na wa nyumbani. Mwalimu alisimama kidogo akiangalia kule.

"Unajua ninachokosa?" akaniuliza. "Si nyama. Ni kuambiwa karibu, nikakaa, nikala na watu. Siku hizi nikialikwa arusi nasema niko na mtihani wa kusahihisha."

Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, nyumba za mawe za chini zenye nafasi ya miti katikati, na jumba la mikutano ambalo Tom Mboya na wenzake walilitumia kwa siasa katika miaka ya 1950. Shangazi ameishi katika nyumba moja tangu aolewe. Tulimkuta amekaa mlangoni akichambua mchele. Ndani walikuwamo kaka mkubwa wa Mwalimu, mdogo wao wa kike aliyetoka Kayole, mjomba wao kutoka Dandora, na jirani mmoja ambaye huhesabiwa kama jamaa.

Baada ya maombi, mjomba alimpa Mwalimu nafasi. Alikuwa ameandika maneno yake kwenye karatasi, lakini hakuisoma. Alisema tu, "Mama, mwaka wa 2021 sikuwa na uvimbe. Nilikatwa tumbo nipungue. Huyu mdogo wangu alijua, nilimlazimisha anyamaze."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha kaka mkubwa akasema lile tulilokuwa tukiliogopa: kwamba maradhi ya Mungu huchangiwa, lakini haya mtu alijitakia mwenyewe, na yeye ana karo ya watoto wawili. Mdogo wao alimjibu kwa ukali kwamba sukari ya Mwalimu haikuwa ya kujitakia, wala magoti. Mjomba akapiga meza.

Shangazi alikuwa bado ameshika ungo. "Nimekuombea uvimbe miaka minne," akasema. "Kila Jumapili. Mungu alikuwa akinisikiliza akishangaa." Halafu akanigeukia mimi, akasema mficha uchi hazai, nami nikainamisha kichwa. Sikuwa na la kujitetea. Nilikuwa nimejiambia kwamba natunza siri ya mtu, kumbe nilikuwa nimemwacha mgonjwa bila mtu wa kumpikia uji.

Swali lake la kwanza lilikuwa rahisi, na lilikuwa gumu kuliko yote. "Si wamrudishie tu tumbo lake?"

Mwalimu alimweleza kwamba kilichokatwa hakipo tena. Shangazi aliuliza lililo baki ni kubwa kiasi gani, akaonyeshwa kwa kidole. Akanyamaza.

Ndipo kikao kikaanza kazi yake. Jirani, ambaye aliwahi kuwa muuguzi, aliuliza maswali ambayo mimi na Mwalimu hatukuwa tumeyaandika. Daktari huyo amerekebisha matumbo mangapi ya namna hii, si kupasua tu mara ya kwanza? Hospitali ina chumba cha wagonjwa mahututi, au mtu akizidiwa usiku hupakiwa gari apelekwe kwingine? Ripoti ya upasuaji wa 2021 iko wapi, kwa maana anayerudi ndani ya tumbo lazima ajue mwenzake alikata nini? Na jina la daktari limo katika orodha ya Baraza la Madaktari, ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama? Ripoti Mwalimu hakuwa nayo. Hakuwahi hata kuiomba. Kaka mkubwa, ambaye sasa alikuwa amepoa, aliuliza kama SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, italipa chochote. Ikaamuliwa jibu litafutwe hospitalini, tena kwa maandishi, kabla ya mtu kutoa shilingi.

Uamuzi wenyewe hakuna aliyeutoa isipokuwa Mwalimu. Alisema atakubali kisu cha pili, lakini si mwezi huo. Atalishwa wiki sita, apimwe damu, na puto lijaribiwe mara ya mwisho. Likishindwa, atapasuliwa. Alisema anaogopa kufa mezani, na anaogopa vilevile kuendelea hivi hadi afe polepole akiwa na chaki mkononi. Kati ya hofu hizo mbili, ya kwanza ina daktari wa kuisimamia.

Mdogo wake alisema yeye angengoja zaidi. Mjomba pia. Hawakuafikiana, na kikao kiliisha hivyo, ila kila mmoja aliandika jina lake kwenye daftari la shule. Kaka mkubwa aliandika elfu ishirini. Hakumtazama mtu alipoandika.

Chakula kilipoletwa, Shangazi alimpakulia Mwalimu supu ya kuku iliyochujwa katika kikombe cha mtoto, akakaa kando yake. Sisi wengine tulikula wali. Ilimchukua Mwalimu dakika arobaini kumaliza kikombe, na Shangazi hakuinuka hata mara moja. Jioni alimkataza kurudi Umoja. Nilipanda matatu peke yangu hadi Mutindwa.

Jumatatu asubuhi nilimpeleka hospitali iliyompasua mwaka wa 2021 kuomba ripoti. Tulijaza fomu, tukaambiwa turudi baada ya siku saba.